Sentimita Saba za Usukani

Rixt alikuja kwenye klabu yetu ya baiskeli siku ya Alhamisi, na kufikia Jumamosi ya wiki iliyofuata alikuwa ameshakalia kiti changu.

Nasema kiti, kiti kweli, cha mbao, sebuleni kwa mama mkubwa, siku ya kuzaliwa ya binamu yangu Hylke. Kwetu Friesland siku kama hiyo viti hupangwa duara, watu wakakaa kama wanasubiri kung'olewa meno, na kila anayeingia hulizunguka duara zima akishika mikono na kumpongeza kila mtu kwa ajili ya mwenye siku yake. Hongera kwa mwanao. Hongera kwa mjukuu wako. Mimi tangu nina miaka minne hukaa kulia kwa Hylke na kupokea "hongera kwa binamu yako" zaidi ya thelathini, na huzipokea kwa madaha kana kwamba ni mimi niliyemzaa.

Mwaka huu niliporudi kutoka chooni nilimkuta Rixt amekaa pale pale. Miguu amekunja nne, sahani ya keki yenye sukari ya waridi mapajani, na watu wanapita wakimshika mkono.

"Hongera kwa Hylke!"

"Asante sana!" anajibu.

Asante ya nini? Hakuwa amefikisha hata wiki mbili kati yetu! Mimi nikaishia kwenye kigoda kando ya dirisha, karibu na mzee wa jirani, ambaye alinipa mkono na kunipongeza kwa kaka yangu. Sina kaka.

Jina lenyewe, Rixt, ni fupi kama chafya. Unalisema, halafu unatamani mtu akwambie "afya!" Alikuwa anasoma na Hylke chuo cha ufundi, darasa la kuchomelea vyuma. Msichana mrefu, mabega mapana, nywele amezifunga kwa kipande cha kamba. Hakuwa mbaya. Hilo ndilo lililoniudhi: nilitafuta ubaya wake kwa zaidi ya wiki nzima nikapata tu kwamba anakula keki kwa kuanzia pembeni.

Sasa nieleze kwa nini kiti kiliniuma hivyo. Mimi na Hylke tuna baiskeli moja, ya kulalia. Unakaa mgongo umeegemea, miguu umeitupa mbele kwenye pedali, kama mtu anayeangalia mpira kwenye kochi, ila kochi linakwenda kilomita arobaini kwa saa. Watoto barabarani hutupigia kelele "Amkeni!" na ng'ombe huacha kula wakatutazama. Kila mwezi wa sita kuna mashindano ya wawili wawili kule kwenye tambarare za Flevoland: watu wawili, baiskeli moja, saa mbili kamili kwenye barabara ya mviringo. Akichoka mmoja anaingia kituoni, anashuka, mwenzake anaruka juu. Mnagawana muda mnavyotaka. Tumeshiriki mara mbili, mimi na yeye. Mara ya kwanza tulikuwa wa kumi na moja, mara ya pili wa sita, na mwaka huu tulikuwa tumeapa kuingia tatu bora.

Watu hudhani mashindano haya ni ya miguu. Miguu kila mtu anayo. Kazi iko kwenye usukani. Usukani wa baiskeli yetu unapanda kutoka gurudumu la mbele, kisha unarudi nyuma kumfuata dereva kwa shingo ambayo ni bomba ndani ya bomba: unalegeza nati mbili, unavuta au unasukuma, unakaza. Shingo ikiwa fupi, unanyoosha mikono mbele, na usukani unazungukia pale pale. Ukiugusa kidogo baiskeli imeshajibu, wakati mwingine inajibu kabla hujauliza. Shingo ikiwa ndefu, vishikio vinakufuata hadi karibu na kitovu, na hapo kugeuza si kuzungusha tena. Ni kusukuma mikono yote miwili kwa upande. Unataka kwenda kulia, mikono inakwenda kushoto. Mgeni wa shingo ndefu hupepesuka barabarani kama aliyetoka harusini.

Na sisi tulikuwa wawili juu ya bomba moja. Hylke ana mikono kama makasia, mimi yangu ni ya kawaida, ingawa yeye huiita mikono ya kangaruu. Majira mawili ya joto tuligombana. Yeye anasukuma bomba mbele, mimi nikifika nalivuta nyuma, yeye anatukana, mimi natukana kwa ustadi zaidi. Mwishowe tulikaa chini tukakwaruza alama tatu kwa msumari: yake, yangu, na moja katikati ambayo wote wawili tuliweza kuivumilia. Hakuna kitu kingine duniani ambacho mimi na yeye tumewahi kukubaliana kwa amani.

Basi pale sebuleni, keki ikiwa imeisha na mama mkubwa akizungusha vipande vya jibini, Hylke akaja kuchuchumaa mbele ya kigoda changu. Masikio yake yalikuwa mekundu. Hylke masikio yake ndiyo hutangulia habari.

"Binamu," akasema, "kuhusu Flevoland."

"Ehe."

"Nilikuwa nafikiria mwaka huu niende na Rixt."

Mzee wa jirani akaacha kutafuna. Hata yeye alisikia.

"Na Rixt," nikasema.

"Si unajua, amejaribu baiskeli ya kulalia mara moja tu pale chuoni, na bwana, ana miguu! Halafu tazama." Akamwita. "Rixt! Nyoosha mkono."

Wakasimama katikati ya duara, bega kwa bega, wakanyoosha mikono mbele ya ukoo mzima kama watu wanaopimiwa suti. Vidole vikaishia mahali pamoja.

"Umeona?" Hylke akasema. "Sawasawa! Hakuna haja ya kukutana katikati. Tunaweka usukani mara moja, basi."

"Nimeona," nikasema.

"Wewe mwakani. Huna kinyongo?"

"Kinyongo? Mimi? Hylke, bwana, mimi nilikuwa natafuta namna ya kukuambia nimechoka kuvuta harufu ya soksi zako."

Akacheka, akanipiga bega. Kisha akasema neno lililonimaliza. "Na usukani utatuwekea wewe, eti? Hakuna anayeweka usukani kama wewe klabu nzima. Utuwekee, tuujaribu Alhamisi."

Ni kweli, hakuna. Watu wazima, wenye wajukuu, huniletea baiskeli zao nikawawekea usukani, kwa sababu nina masikio ya kusikia mtu anavyolalamika. Mmoja atasema "inanitoroka", mwingine "inanibishia", nami najua ni sentimita ngapi. Kwa hiyo nikamtazama binamu yangu machoni, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

"Nitawawekea," nikasema. "Mtaufurahia."

*

Jumapili mchana niliingia bandani tunakoweka baiskeli, peke yangu, nikachukua spana.

Sikulegeza breki wala sikuchezea cheni. Mimi si mwuaji. Nilifanya kitu ambacho mtu wa kawaida asingekiona hata ukimwonyesha kwa kidole: nilivuta shingo ya usukani nyuma. Nikaipita alama ya katikati. Nikaipita hata alama yangu. Nikavuta hadi sentimita saba nyuma ya pale tulipokubaliana, vishikio vikaja vikakaa juu ya tumbo, chini chini, nikakaza nati nikafuta alama za vidole kwa kitambaa kama mhalifu wa kwenye sinema.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Rixt ni mgeni. Atapanda mbele ya klabu nzima, mikono itamwendea kombo, atapepesuka kama kuku aliyemwagiwa maji, atashuka amechoka na kusema mchezo huu si wangu, nimekuja tu kuona. Hylke atakuna kichwa. Halafu atakuja kwangu, masikio mekundu, aseme, "Binamu..." Nami ningemwacha asubiri kidogo kabla ya kukubali. Dakika nne hivi. Tano.

Hylke mwenyewe juu ya usukani ule sikumfikiria hata kidogo. Wivu una tabia hiyo, unamulika mtu mmoja tu.

*

Alhamisi jioni jua lilikuwa bado juu, upepo wa magharibi, kondoo wamejaa kwenye ukingo wa mfereji. Tulikuwa kama kumi na wanne. Shangazi Geeske alikuwa ameshafungua meza yake ya kahawa. Geeske si shangazi wa mtu yeyote pale, lakini klabu nzima tunamwita hivyo. Ndiye anayeandika majina na kushika saa, na ndiye mlinzi wa kopo la biskuti.

"Moja, Douwe," akaniambia.

"Shangazi, sijagusa."

"Mkono wako umeshafika. Moja."

Tuliweka koni barabarani, mita mia mbili mbele, mahali pa kugeuzia. Rixt akatangulia. Nikajisogeza mbele nione vizuri, biskuti mkononi.

Akaketi. Akashika vishikio. Akapiga pedali, na baiskeli ikaanza kucheza kushoto kulia, kushoto kulia, vile vile nilivyoiota. Moyo wangu ukafurahi nikauonea haya. Mita tano. Mita kumi. Mtu nyuma yangu akasema, "Masikini." Mita ishirini.

Kisha ikanyooka.

Sijui niseme nini kingine. Ilinyooka kama iliyochorwa kwa rula. Mabega yake yalishuka, akashika vishikio kwa vidole viwili viwili, akaenda. Kwenye koni hata hakupunguza sana: mikono ikateleza upande mmoja, taratibu, kama mtu anayesogeza sahani mezani, na baiskeli ikageukia upande wa pili kwa adabu zote. Aliporudi alikuwa anacheka mdomo wazi. Pengine amemeza wadudu wawili watatu.

"Hii ni kana!" akapiga kelele kabla hajasimama. "Ni kana ya chombo cha baba!"

"Kana gani?" Hylke akauliza.

"Ule mti wa kushikia usukani wa chombo! Unasukuma kushoto, chombo kinakwenda kulia. Baba anashindana na chombo cha tanga kila mwaka kule maziwani, mimi nimeshika kana tangu sijaota meno ya mbele. Ile baiskeli ya chuoni siku ile ilikuwa inaniruka ruka kama mbuzi, sikutaka tu kusema. Lakini hii!" Akanigeukia. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Umejuaje?"

Klabu nzima ikanigeukia.

"Mimi?" nikasema. Biskuti ilikuwa imevunjika mkononi.

"Si ndiye wewe uliyeiweka? Umejuaje kuhusu chombo? Umemuuliza nani?"

Sikumuuliza mtu yeyote. Wiki mbili nzima nilikuwa namchunguza anavyokula keki, sikumuuliza hata anatoka wapi.

"Nilikisia," nikasema.

"Anakisia!" Geeske akasema kwa sauti ya kuimba, akawatazama wenzake. "Mnasikia? Kijana anakisia."

Wakacheka. Nikahisi uso unawaka moto. Hylke hakucheka. Aliipokea baiskeli kutoka kwa Rixt, akaketi, akaangalia vishikio vilivyomlalia tumboni, kisha akanitazama mimi, mara moja tu.

Inabidi mjue kwamba Hylke ni mtelezaji wa barafu. Majira ya baridi yote yuko kwenye barafu, na mapaja yake ni mapipa mawili. Njia iliyonyooka aliimudu kwa kupigana. Alipofika kwenye koni alipunguza mwendo, akasukuma mikono kando ili ageuke, na paja likapanda wakati huo huo. Usukani ukagonga paja. Paja halikukubali. Baiskeli, kwa kuwa hakuna aliyeigeuza, ikaendelea mbele ilipokuwa inaelekea, ikapita katikati ya kondoo wawili, na binamu yangu akaingia mferejini miguu ikitangulia.

Alitoka amevaa majani ya maji kijani kibichi mpaka kwenye nyusi. Kiwiko kilikuwa kinavuja damu. Watu walicheka mpaka wakashikana, kwa sababu alikuwa mzima na kwa sababu kondoo mmoja alikuwa anamfuata. Mimi pia nilicheka, meno tu.

Geeske alimpa taulo. "Rudisheni huo usukani mbele kidogo, basi. Kutaneni katikati."

"Usiuguse!" Rixt akasema, kisha akajishika. "Samahani. Namaanisha, kama hauwezi Hylke..."

"Hakuna haja," Hylke akasema. Alikuwa anajifuta masikio, nayo yalikuwa mekundu chini ya majani. "Fundi kamwekea mwenye mali. Shangazi, badilisha majina. Rixt na Douwe."

"Hylke, bwana," nikasema.

"Wewe una miguu ya njiti, usukani hautakugonga. Mnafaana." Akanitupia taulo. "Mimi nitaenda na Gerlof."

Gerlof ni mwalimu mstaafu wa hesabu, miaka sitini na nane, mwenye baiskeli ya kulalia ya rangi ya machungwa na mwenye kuimba akipanda mwinuko, ingawa kwetu mwinuko ni daraja tu. Akafurahi mno. Akampongeza kila mtu.

Nilielewa nikiwa naelekea nyumbani, upepo ukinipiga usoni. Hylke alidhani nimemwekea Rixt usukani kwa mapenzi. Alidhani nimemvizia, nimeuliza habari zake kwa siri, nimempimia zawadi. Ili kumtoa wazo hilo ilinibidi niseme ukweli, na ukweli ulikuwa mbaya kuliko uongo. Nichague: niwe mwizi wa mapenzi au niwe mtu aliyetaka msichana wa watu aaibike hadharani. Nikachagua kunyamaza.

*

Siku tisa nilifanya mazoezi na Rixt. Alikuwa mwenzi mzuri, na jambo hilo halikunisaidia. Aliniletea mkate wa sukari wa kwao. Alinionyesha jinsi ya kulegeza vidole. "Unauvuta kama unamkamua ng'ombe," aliniambia. "Uguse tu. Wenyewe unajua njia." Mimi, fundi wa usukani wa klabu nzima, nafundishwa kushika usukani na mtu wa wiki tatu! Na alikuwa sahihi. Mimi kwenye kona nilitoka jasho, yeye alikuwa anapiga miayo.

Kumbe sasa nina wivu wa aina mbili. Ule wa zamani haukuondoka, na huu mpya, wa Gerlof, ukaja kukaa nao. Barabara ya pili, ng'ambo ya mfereji, nilimwona Hylke akifanya mazoezi na Gerlof. Mzee alikuwa anaimba. Hylke alikuwa anaitikia. Hylke haimbi! Miaka kumi na tisa namjua, hata kanisani anachezesha midomo tu. Nikasimama pale nikawatazama mpaka Rixt akaniuliza kama cheni imetoka.

*

Siku ya mashindano tulifika Flevoland asubuhi, kila mtu na thermosi yake. Uwanja ulikuwa tambarare kama meza, mitambo ya upepo imejipanga hadi mwisho wa macho. Jozi ishirini na tatu. Nilikuwa navaa glavu pale kituoni Hylke alipokuja. Alinipa mkono, rasmi, kama tuko kwenye duara la viti.

"Hongera kwa Rixt," akasema.

Alisema kwa upole, hiyo ndiyo shida. Angetukana ningemjibu, matusi ninayo ya akiba. Nilimshika ule mkono nikashindwa kuuachia.

"Nilitaka aanguke," nikasema.

"Nini?"

"Usukani. Sikujua habari za chombo wala kana. Niliuvuta nyuma ili apepesuke mbele ya watu, aone aibu, aondoke. Halafu wewe urudi kwangu."

Nyuma yake mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili.

"Kwa hiyo humtaki," akasema.

"Kumtaka! Hylke, nilikuwa nataka baiskeli yetu. Nilikuwa nataka kile kiti."

"Kiti gani?"

"Kile cha kulia kwako. Siku ile, kwa mama mkubwa."

Akafikiri. Nikaona anakumbuka viti. Nikaona hakuwa amegundua kabisa, hata kidogo, kwamba nilikuwa nimehamishwa.

"Na mimi?" akauliza. "Na mimi si ningepanda usukani ule ule?"

"Sikukufikiria."

"Nimeingia mferejini, Douwe."

"Najua."

"Nina alama hapa." Akaonyesha kiwiko. "Uliniwekea usukani unigonge, eti kwa sababu unataka kuwa na mimi. We una akili kweli?"

"Sina."

"Huna." Akavuta pumzi. "Kamwambie yeye."

"Baada ya mbio."

"Sasa hivi, binamu. Au nimwambie mimi, na mimi sitaisema vizuri."

Rixt alikuwa ameshaketi kwenye baiskeli mstarini, anakaza kofia ngumu. Nilichuchumaa pembeni yake, nikamwambia yote, haraka haraka, nikiangalia gurudumu. Nilipomaliza aliacha kukaza kofia. Dakika tatu zilikuwa zimebaki.

"Sasa na zile siku tisa?" akasema. "Nimekuletea mkate."

"Ulikuwa mtamu sana."

"Nilimwambia baba kuna mtu ameniwekea usukani kama kana bila hata kuniuliza. Baba akasema mtu huyo ana macho." Akacheka kidogo, bila furaha. "Macho!"

"Rixt, samahani. Kama unataka nirudishe..."

"Usiguse." Akaweka vidole viwili juu ya kila kishikio. "Umeniwekea vizuri kuliko ulivyotaka. Sasa sogea, bendera hiyo."

Nikasogea. Bendera ikashuka.

*

Mpango wetu ulikuwa dakika ishirini kwa ishirini. Dakika ya kumi na nane nikavaa kofia, nikafunga kamba, nikaenda kusimama kwenye mstari wa kituo. Rixt akaja, wa tano, amelala chini kama jani. Nikainua mkono kumwonyesha nipo.

Akapita.

Nikadhani hakuniona. Mzunguko uliofuata nikapunga mikono yote miwili. Alinigeuzia uso, akanitazama vizuri kabisa, akainua vidole viwili kutoka kwenye kishikio kama anayemsalimu mtu baki, akapita.

"Mwenzio hajachoka?" Geeske akauliza kutoka kwenye meza ya saa.

"Bado bado."

"Sheria inaruhusu," akasema. "Mnagawana mnavyotaka."

"Naijua sheria, Shangazi."

Dakika ya arobaini akapita. Dakika ya sitini akapita, wa nne. Watu wa jozi nyingine walikuwa wanaingia, wanashuka, wanabadilishana, wanatukanana kwa mapenzi, na mimi nimesimama katikati yao na kofia yangu kama mtu aliyeachwa kituo cha basi. Kila alipofika kwenye ile kona ya mwisho nilitazama mikono yake. Ilikuwa inateleza kando na kurudi, kando na kurudi, bila haraka, wala usukani haukutetemeka hata mara moja. Mikono yangu mimi, iliyojua kila nati ya baiskeli ile, haijawahi kuufanya usukani utulie hivyo. Wivu ulinikaba mpaka nikasahau kuona aibu.

Baada ya saa moja na robo Hylke aliingia kituoni, akamwachia Gerlof baiskeli. Walikuwa wa kumi na saba. Akapotea kidogo, kisha akaja akasimama karibu nami, si karibu sana, na chipsi kwenye karatasi, mayonezi juu. Tulitazama barabara.

Rixt akapita. Vidole viwili.

"Hakupi," Hylke akasema.

"Anaweza kuchoka."

"Huyo? Amesimamia chombo cha tani kumi na sita kwenye dhoruba. Vua kofia, Douwe, unatisha watoto."

"Nikivua atasimama. Ndivyo itakavyokuwa, najua."

Akakohoa. Nilipomgeukia nikaona hakohoi, anacheka, amejibana mdomo kwa mkono wenye mayonezi. Nilijaribu kukasirika. Nilijaribu kweli.

"Sijakusamehe," akasema alipopata pumzi. "Usidhani."

"Sidhani."

"Na kiwiko kinauma."

"Nisamehe."

Akasogea hatua moja, akaniwekea ile karatasi ya chipsi kati yetu, juu ya ukuta wa matairi. "Kula. Zinapoa."

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini, na Rixt alikuwa anamfukuzia wa tatu. Akatokea kwenye kona, mabega chini, nyuma yake vumbi jepesi. Hylke akasahau chipsi, akapanda juu ya matairi akapiga kelele za jina lake, na masikio yake yakawaka kama taa za breki. Nilimtazama anavyomtazama. Kitu kikanifinya tena palepale, chini ya mbavu.

Nikachukua chipsi tatu kwa mpigo, zile zenye mayonezi nyingi, nikapanda juu ya matairi upande wake wa kulia, nikapiga kelele na mimi.